Jiko la Kusimama

Jumanne, 3 Februari

Leo tabibu wa zahanati ameweka chombo chake mgongoni kwa mama mkwe wangu, akasikiliza muda mrefu kama jirani mmbeya aliyetega sikio ukutani, kisha akasema, "Mama, moshi basi. Mvua zikikukuta bado unapika ndani ya chumba kile, kifua hiki mimi sikiahidi kitu."

Mama akafunga vifungo vya blauzi yake kimoja kimoja. "Nilianza kupika kabla mama yako hajaota meno, mwanangu."

"Ndiyo maana unakohoa, Mama."

Nilimpenda tabibu yule papo hapo. Watu wanaojibu ni wachache siku hizi.

Tulipofika nyumbani Mama akaenda moja kwa moja jikoni, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya mafiga, akatoa hukumu: "Mkininyang'anya jiko, nakwenda kwa binti yangu. Mtu asiyepika ndani ya nyumba ni mgeni, na mimi sitakuwa mgeni kwa mwanangu wa kwanza."

Binti yake, yaani wifi yangu, anaishi juu kabisa kwenye jengo la ghorofa lisilo na lifti. Mama akipandishwa kule hashuki tena. Atawekwa dirishani kama ua kwenye mkebe, atamwagiliwa chai asubuhi na jioni, na ataisha. Analijua hilo, nami nalijua, na mume wangu analijua kiasi kwamba jioni yote amechezea kijiko chake bila kula.

Jiko la gesi tulilomnunulia lipo. Limevishwa kitambaa cha kufuma na juu yake pameketi redio. "Moto usiokula kitu siuamini," husema Mama.

Basi nitajenga jiko la kuni, nje, lenye dohani ya kupeleka moshi juu mbali na pua ya mtu, na nitalimaliza kabla ya mvua. Nimeandika magazetini nusu ya maisha yangu. Nimepigana na wahariri, na madiwani, na wenye nyumba. Mafiga matatu hayawezi kunishinda.

Alhamisi, 5 Februari

Makala ya juma hili nimeipa kichwa "Hakuna Atakayeinama Tena." Nimewashukia wote wanaosema chakula cha moshi kina ladha yake. Ladha! Wapewe kuni mbichi na chumba kisicho na dirisha, wapike mchana mmoja tu, kisha waje watuambie habari za ladha huku macho yamewavimba. Karne kwa karne mwanamke ameinamishwa mbele ya mafiga, na wasiowahi kuwasha hata kibiriti wakauita unyonge ule heshima. Nikaandika: "Ninaye mmoja nyumbani kwangu, ameinama mbele ya moto tangu usichana wake."

Mhariri amenipigia simu. Anasema makala ni kali. Nikamwambia pilipili haiulizwi kwa nini inawasha.

Jumamosi, 7 Februari

Nimechora jiko. Nimesoma yote niliyoyapata kuhusu moto, na moto, kama dhuluma yoyote, una kanuni zake. Kuni ziingie kwa mdomo mwembamba. Chini yake pawe na chanja ya chuma ili hewa ipite chini ya kuni. Kati ya sufuria na ukuta paachwe upenyo wa kidole, moto ulambe sufuria kwanza kabla ya kukimbilia dohani. Na juu ya yote, kimo: jiko lifike kiunoni. Mpishi asimame wima, mgongo umenyooka, kama mtu anayehutubia.

Mume wangu ni fundi saa. Siku nzima huangalia vitu vidogo kwa jicho moja, na nadhani kwa jicho hilo hilo hunitazama mimi. Aligeuza mchoro huku na huku.

"Zuri," akasema. "Umemuuliza Mama?"

"Mtu haulizwi kama anataka kupumua."

"Sijasema kupumua, bibie. Nimesema jiko."

Nikamwambia arudi kwenye saa zake.

Jumatano, 11 Februari

Amekuja fundi wa matofali. Mtaani wanamwita Pimamaji, kwa sababu chombo chake cha kupimia usawa hakimtoki mkononi. Nimewahi kumwona amekiweka juu ya meza ya chai kabla hajakubali kuweka kikombe.

Tulichagua mahali: uani, hatua chache kutoka mlango wa jiko la zamani. Jiko hilo la zamani ni chumba kilichounganishwa na nyumba, msingi wake umeinuka, na kutoka mlangoni unashuka vidaraja vichache ndipo ufike uani.

"Mpishi ana kimo gani?" Pimamaji akauliza.

"Kama mimi."

Akanipima kwa macho, akapiga alama ya chaki ukutani. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua maharage. Aliitazama ile alama, akaendelea kuchambua.

Kisha tukagombana kuhusu saruji.

"Tutie saruji, dada. Hilo ndilo jiko la kisasa."

"Saruji itapasuka motoni. Tunatumia udongo wa mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa."

"Saruji yangu haipasuki."

"Tanuri la mwoka mikate pale kona alijenga nani?"

Akakuna kisogo. "Lile lilipasuka kwa sababu ya mwoka mikate."

"Alifanya nini?"

"Aliliwasha."

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kilipomkamata hakikumwachia upesi. Akashika mwimo wa mlango. Mimi na fundi tulitazama mahali pengine, maana Mama hapendi kutazamwa akikohoa. Udongo ndio ulioshinda.

Jumamosi, 14 Februari

Nimekanyaga udongo kwa miguu yangu mwenyewe, sketi nimeifunga magotini. Ukikanyaga udongo unaanza kwa hasira na unamaliza kwa kuimba. Nawapendekezea kazi hii madiwani wote.

Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta. Alikuwa karani wa ofisi ya maji mpaka alipostaafu, na tangu hapo anausimamia mtaa bila mshahara. Tunamwita Bwana Kanuni, naye anaona ni sifa.

"Jirani, hiyo dohani itaelekea wapi?"

"Juu. Ndiko dohani zinakoelekea."

"Moshi ukipanda, hushuka. Kuna kanuni."

"Ya ngapi?"

"Nitaitafuta."

"Ukiitafuta, tafuta na ile inayohusu kifusi chako." Maana ukuta wake wa nyuma ulianguka mwaka juzi, na mawe na matofali yake yote yameegemea ukuta wangu tangu siku ile mpaka ukuta umeanza kupata kitambi.

Kichwa chake kikazama upande wa pili. Nilikanyaga udongo kwa raha zaidi.

Jumanne, 17 Februari

Ukuta wa jiko umefika gotini. Mama hasemi kitu. Mama mkwe wangu akinyamaza ni kama redio kuzimika katikati ya taarifa ya habari: hujui nini kimetokea, ila unajua kimetokea.

Ijumaa, 20 Februari

Jiko limekwisha! Refu, jekundu, mgongo wima, mashimo mawili ya sufuria, chanja ya nondo, dohani iliyopita ukingo wa paa. Pimamaji aliweka pimamaji yake juu ya kila kitu, hata juu ya dohani, akashuka akiwa na uso wa mtu aliyetoka kusimamia ndoa. Mume wangu amesimika nguzo na mabati ya kulikinga. Sasa likauke taratibu, bila moto, la sivyo litapasuka.

Jumamosi, 21 Februari

Linakauka.

Jumapili, 22 Februari

Linakauka. Mama anapika ndani. Namsikia akikohoa nikiwa mezani, kila kikohozi kinaangukia katikati ya sentensi yangu.

Jumatatu, 23 Februari

Wingu moja, upande wa machweo. Likaondoka.

Jumatano, 25 Februari

Mawingu mengi. Yameondoka, lakini kwa kusitasita, kama mgeni anayesimama mlangoni akikumbuka jambo jingine. Nimeweka kiganja kwenye ukuta wa jiko: kwa nje umekauka, kwa ndani bado una ubaridi. Kauka, wewe! Sijawahi kuhutubia udongo, leo nimeuhutubia.

Ijumaa, 27 Februari

Moto wa kwanza. Njiti, kisha vipande vidogo, kisha kuni. Kwa muda moshi ulizubaa mdomoni haujui pa kwenda. Halafu dohani ikashtuka, ikavuta. Nilisikia sauti yake, mvumo wa chini kama mtu mzima anayeguna kukubali. Moshi wote ukapita juu, mweupe na mwembamba, na pale mpishi anaposimama pakawa na hewa safi tupu. Nilikaribia kulia. Pimamaji alilia, ingawa anasema ni jasho.

"Mama, karibu jikoni kwako!"

Alishuka vidaraja polepole, akiyumba kidogo upande mmoja kama anavyotembea siku zote. Akabandika maharage. Akasimama wima, mgongo umenyooka. Niliiona makala yangu imepata miguu.

Baada ya muda mkono wake wa kushoto ulishika ukingo wa jiko. Baadaye na wa kulia. Nilipomwuliza kama kuna shida akasema joto ni zuri. Maharage yalipoiva alipakua, akasema kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, "Jiko zuri. Wageni wakija tutawaonyesha."

Nilifurahi. Sasa ninapoandika, sentensi ile inanikwaruza.

Jumamosi, 28 Februari

Nimeamka nikanusa moshi.

Mlango wa jiko la zamani ulikuwa umeegeshwa. Nikausukuma. Mama amekaa kwenye kigoda chake mbele ya mafiga, sufuria ya chai juu, macho mekundu, na moshi umejaa mpaka usoni. Nje, jiko langu limesimama safi na baridi kama sanamu ya mtu mashuhuri.

Siwezi kuandika ugomvi wote, ila nitaandika sehemu zilizobaki kunichoma.

Nilisema, "Mama, unataka kufa kwa ukaidi?"

Akasema, "Na wewe unataka nipone kwa amri?"

Nikamwambia kuhusu tabibu, udongo, miguu yangu iliyopasuka. Nikamwambia kwamba mtumwa akizoea mnyororo huuita bangili. Hilo nisingelisema. Ni sentensi nzuri na nisingeisema.

Aliondoa sufuria motoni kwanza, kwa utulivu, akaiweka chini. Kisha: "Mkaza mwanangu, uliniandika gazetini. Mwanangu alinisomea. Ulisema nimeinama mbele ya moto tangu usichana wangu."

"Ndiyo."

"Mimi sijainama hata siku moja. Nimekaa." Akapiga kigoda kwa kiganja. "Nyonga hii tangu nilipomzaa mumeo haitaki kusimama. Nikisimama muda wa kuivisha maharage, usiku silali. Basi nilijitafutia kiti, nikakiweka mbele ya moto, na tangu siku hiyo yeyote mwenye shida na mimi anakuja hapa. Mkopaji alikuja hapa. Mchumba wa binti yangu alikuja hapa. Wewe mwenyewe ulipoletwa kuonwa, ulikuja hapa. Nani aliinama?"

Nilikumbuka. Niliinama ili nimpe mkono.

"Wewe umenijengea jiko la mtu mwingine," akasema. "Mrefu kidogo, mwenye hasira, mwenye nyonga nzima. Mpikie huyo."

Miaka yote nimeishi na mama huyu, nimeuona ule mwendo wake wa kuyumba, nikadhani ni madaha.

Kikohozi kikamshika tena. Alipopata pumzi alisema kwa sauti ndogo kuliko ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Mpigie wifi yako simu. Mwambie aje na gari. Jiko la ndani tabibu kalikataza, la nje nyonga imelikataa. Hapa sina pa kukaa tena."

Jumapili, 1 Machi

Wifi atakuja Jumapili ijayo. Mkoba wa Mama, ule wa kitambaa cha turubai wenye mishikio mirefu, umetolewa juu ya kabati na kuwekwa kitandani. Mume wangu ameifungua saa moja asubuhi hii na mpaka jioni hajaifunga.

"Tulibomoe nusu," nikamwambia. "Tulijenge upya, fupi."

"Udongo utakauka lini?" Akaonyesha dirishani. Mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria.

Hakusema, "Nilikuambia." Ningeolewa naye tena kwa ajili ya hilo peke yake.

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimeondoka mezani katikati ya makala. Mwanzoni nilikuwa nikiwashambulia wataalamu wanaowapangia watu maisha bila kuwauliza. Nilipofika sentensi ya tatu nikaona ninawafahamu vizuri mno.

Nikatoka uani. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jiko la zamani, kwenye kigoda, juu ya ule msingi ulioinuka, akitazama mawingu. Nikaenda kusimama chini yake, mikono kiunoni, maana sijui kuomba radhi kwa mkao mwingine.

"Mama, nilikosea kimo."

"Ulikosea mtu. Kimo ni udongo tu."

"Sasa nifanye nini? Nilivunje?"

"Jiko linalovuta vile? Lile ni jiko la maana, wewe. Nilipokuwa msichana ningeuza ng'ombe nilipate."

"Sasa mbona..."

"Ndiyo nakwambia! Jiko zuri, mahali pabaya. Mimi niko hapa, lenyewe liko kule!"

Tulikuwa tunafokeana, na katikati ya kufokeana nikagundua kwamba ninamtazama machoni sawasawa. Sikuinamisha shingo wala kuinua. Mimi nilikuwa nimesimama uani. Yeye alikuwa amekaa mlangoni. Na macho yetu yalikuwa mstari mmoja, Pimamaji mwenyewe angeapa.

Nikanyamaza. Mama hajazoea ninyamaze, akashtuka. "Umepatwa na nini?"

"Mama, ukikaa hapo, na jiko likawa hapa nilipo mimi, sufuria ingefika wapi?"

Akainyoosha mikono mbele yake, akashika sufuria ya hewani, akakoroga kidogo. Akafikiri. Akatazama uwazi kati ya mlango na jiko jipya, zile hatua chache na vile vidaraja anavyovichukia.

"Pajazwe hapo," akasema. "Pote. Kutoka kizingitini mpaka kwenye jiko. Baraza. Nitoke na kigoda changu bila kushuka popote, nikae, jiko liwe magotini pangu."

"Na kuni? Mdomo wa kuni uko chini, upande wa uani."

"Kuni utatia wewe," akasema mama mkwe wangu. "Si ulitaka kusimama?"

Jumanne, 3 Machi

Pimamaji amekuja, amepima, amekubali. Baraza lizungushiwe ukuta mfupi wa mawe, katikati lijazwe kifusi, juu udongo ulioshindiliwa. Mawe na kifusi vingi sana.

"Unapata wapi kifusi juma hili, dada? Malori yote yako barabara kuu."

Sote wawili tukageuza macho kwenye ukuta wangu wenye kitambi.

Nimemwandikia diwani barua za kumkemea bila kutetemeka. Kugonga mlango wa Bwana Kanuni kulinichukua mizunguko miwili ya mtaa. Alifungua akiwa na taulo shingoni.

"Jirani," nikasema, "nimekuja kuhusu kifusi."

"Kanuni nimeipata," akasema haraka, "inaruhusu kifusi endapo—"

"Nakiomba."

Akanitazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi. "Unakiomba? Chote?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye nyonga ya Mama alivua taulo shingoni, akakaa kwenye kiti cha kibarazani. Alisema marehemu mkewe alipika ndani miaka yote, na kwamba yeye alikuwa akirudi kazini anafungua dirisha na kulalamika kuhusu harufu ya moshi kwenye mashati yake. "Mashati," akarudia. Kisha akaenda kutafuta toroli.

Sina la kuongeza kuhusu mtu huyu. Nina makala tatu nzima dhidi yake ambazo hazikuchapishwa, na leo nimemshukuru mhariri wangu kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 4 Machi

Kifusi. Mgongo wangu umekufa.

Alhamisi, 5 Machi

Kifusi. Bwana Kanuni anasimamia. Kila karai linamwagwa kwa kanuni.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua.

Ilianza baada ya chakula cha mchana, bila hodi, na upepo ubavuni. Mabati yalilikinga jiko kwa juu, lakini maji yalikuja kwa pembeni, yakiupiga udongo wa upande wa uani, na nikaona wekundu unaanza kuchuruzika. Ukuta wa baraza ulikuwa umefika nusu. Maji yakiingia kwenye kifusi kabla hakijashindiliwa, kitasukuma mawe nje, na mawe yataondoka na jiko.

"Turubai!" nikapiga kelele, nikakimbia huku na huku kama kuku. Turubai halikuwapo. Mume wangu alikuwa amelitandika juu ya paa la duka lake.

Mama ndiye aliyetoka mlangoni na turubai. Dogo, lenye mikunjo, na mishikio mirefu inaning'inia. Alikuwa ameufumua mkoba wake. Alikuwa ameketi kitandani na mkasi huku sisi tunakimbiakimbia, akakata mshono wa ubavuni mpaka mkoba ukawa shuka.

"Upande wa upepo!" akaamuru. "Si huko! Wewe karani, shika ncha! Fundi, acha pimamaji, mvua haina usawa!"

Tulisimama pale, mimi na Pimamaji na Bwana Kanuni, tumeushikilia mkoba wa Mama juu ya ubavu wa jiko kama watu wanaobeba bendera. Mume wangu alikuja mbio kutoka dukani na turubai kubwa kichwani, saa za watu mfukoni. Tulifunga, tukafunika kifusi, tukachimba mfereji kwa mikono.

Mvua ilipopungua nilikwenda kuangalia. Udongo wa nje umetoka kipande cha kiganja. Ndani ni mkavu. Limesimama.

Mama akakohoa, akapokea chai kutoka kwa mwanawe. Chai ya jiko la gesi. Redio iko sakafuni.

"Usiandike hilo," akaniambia.

Jumamosi, 7 Machi

Jua. Tumeshindilia wote. Pimamaji aliruka juu ya baraza mpaka nikamwambia ashuke. Jioni aliweka pimamaji yake kutoka kizingitini hadi pale baraza linapogusa jiko, kiputo kikatulia katikati. Mama akatoka na kigoda chake. Hakushuka popote. Akakaa.

Jumapili, 8 Machi

Wifi amefika na gari mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Alipita ndani akiita, "Mama! Umejiandaa?" Akamkuta barazani, chini ya mabati, amekaa mbele ya sufuria mbili, mwiko mkononi, hewa safi imemzunguka na moshi unakwenda zake juu ya paa. Mimi nilikuwa uani upande wa pili, nimesimama wima, kuni kwapani.

"Punguza upande wa kulia," Mama akanifokea. "Maharage hayakimbizwi."

"Nimepunguza, Mama."

"Umepunguza kama unavyopunguza maneno. Punguza kweli."

Wifi akasimama mlangoni. "Mama, mkoba wako uko wapi?"

Mama akaelekeza kwa kidevu. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye nguzo ya mabati kwa mishikio yake mirefu. Ubavu wake ameushona upya kwa uzi mwekundu. Ndani yake mna njiti kavu za kuwashia moto.

Wifi akautazama, akamtazama kaka yake, akanitazama mimi nilivyojaa majivu mpaka kwenye nyusi. Nadhani alitaka kuuliza jambo refu.

"Keti," Mama akamwambia. "Chakula hakijaiva."

Hapakuwa na kiti kingine. Wifi akainama ili ampe mama yake mkono.

Jumapili, 15 Machi

Mvua kila siku. Bwana Kanuni amechungulia kusema moshi wetu unapita juu ya nyumba yake kwa kimo kinachoruhusiwa. Alipewa bakuli. Amerudisha bakuli na kuni.

Jumanne, 24 Machi

Zahanati tena. Tabibu alisikiliza mgongo muda mrefu, akahamisha chombo, akasikiliza tena. Kifua hakijapona, alisema, na cha umri huu hakiponi chote. Lakini kile kishindo cha mwezi uliopita hakisikii. "Endelea hivyo hivyo, Mama. Umeacha kupika?"

"Muulize mtia kuni wangu," akasema Mama.

Makala ya juma hili ni fupi. Mhariri amepiga simu kuuliza kama naumwa. Nimesahihisha ile ya mwezi uliopita: niliandika kwamba mama mkwe wangu ameinama mbele ya moto, si kweli, amekaa. Mengine yote nayasimamia, na nitagombana na yeyote.

Nimesita kuongeza jambo moja, nikaliacha liwe la hapa tu. Jioni hii kuni zilikuwa mbichi, moto ukagoma. Nikapiga magoti uani, nikainamisha kichwa mpaka mdomoni mwa jiko, nikapuliza hadi macho yakanitoka machozi. Juu yangu, upande wa pili wa sufuria, sauti ikasema bila haraka:

"Puliza chini kidogo. Hapo. Ndiyo hivyo, mwanangu."